Siku Niliyokaza Kizibo

Mke mwenzangu alipoletwa nyumbani kwetu Nyarugusu, mimi ndiye niliyemfundisha kupika pombe. Wakati huo, miaka ya sabini, nilikuwa na watoto watatu na macho yaliyozoea moshi. Yeye alikuwa msichana wa Kizinza kutoka pande za Chato, mrefu, mpole, na kila asubuhi alikuja mlangoni kwangu, akapiga goti na kusema, "Shikamoo dada." Nilimwitikia. Nilimchukia tangu wiki ya kwanza, lakini nilimwitikia.

Pombe yetu ilikuwa ya mtama. Tulipika uji mzito, tukauacha upoe, tukatia kimea, kisha tukaiacha ichache ndani ya pipa kubwa nyuma ya jiko. Ikishatulia, machicha huzama chini na pombe safi hubaki juu. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, ya kuihamishia kwenye kipipa cha chuma tulichokipata kwenye mgodi wa zamani wa Wazungu, ambacho tulikifunga nyuma ya baiskeli kwenda nacho mashimoni kwa wachimbaji dhahabu. Hatukuchota kwa kata, maana kata huvuruga machicha. Tulitumia mpira. Pipa kubwa unaliinua juu ya mawe, kipipa unakiweka chini. Ncha moja ya mpira unaichovya ndani ya pombe, nyingine unaifyonza kwa mdomo mpaka uonje uchungu kwenye ulimi, halafu unaishusha haraka ndani ya kipipa. Pombe inatiririka yenyewe. Mkono ukitetemeka, mpira unagusa chini, na wanywaji watatafuna machicha.

Mkono wake haukutetemeka. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anahamisha pombe vizuri kuliko mimi, na mume wetu, aliyekuwa mchimbaji, aliliona hilo. Jioni moja alikuwa ameketi uani na wachimbaji wenzake. Akanyanyua kibuyu chake, akasema kwa sauti, "Pombe ya mke mdogo inanyweka bwana. Ile ya zamani tulikuwa tunaila, hatuinywi."

Wakacheka wote. Nilikuwa nimesimama pale pale na sahani ya karanga mkononi. Na mimi nikacheka.

Tangu siku hiyo mke mdogo ndiye aliyepeleka pombe mashimoni. Mimi nilibaki jikoni na kuni.

Sasa, pombe hata ikishaingia kwenye kipipa haijanyamaza. Inaendelea kuchacha, na hewa yake inataka pa kutokea. Kwa hiyo kizibo chetu cha mti tulikitoboa katikati na kupitisha bua jembamba lenye uwazi, ili pombe ipumue njiani. Nilimfundisha kuweka bua, ila sikumfundisha sababu yake. Aliponiuliza, nilimwambia linaondoa harufu.

Asubuhi moja nilimtuma kisimani. Alipoondoka tu, nikaihamisha pombe ambayo ilikuwa bado siku moja itulie. Nikatumbukiza kipande cha sukari guru kikubwa kama ngumi, ili ichache zaidi. Kisha nikachukua kizibo kipya kisicho na tundu, nikakizungushia kitambaa kibichi, nikakigongomea kwa mchi mpaka mikono ikaniuma.

Nilijiambia nataka imrukie tu, imlowanishe, wachimbaji wamcheke kama walivyonicheka mimi. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini nilipopiga pigo la mwisho sikuwa nafikiria nguo zake. Nilikuwa nafikiria uso wake, ule uso ambao mume wetu alikuwa anauangalia akila.

Aliporudi na maji alikikuta kipipa kimeshafungwa kwenye baiskeli.

"Dada, mbona leo hakina bua?"

"Limevunjika. Nenda, watu wana kiu."

"Na harufu je?"

"Leo wataivumilia."

Akanishukuru kwa kumsaidia kazi. Kisha akaisukuma baiskeli juani, kipipa kikirukaruka kwenye mawe, nami nikamtazama mpaka akapinda njia.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na mume wetu. Mke mdogo alichuchumaa mbele ya kipipa kama siku zote, akakigonga kizibo ubavuni kwa jiwe ili kilegee. Pigo la tatu kikafyatuka. Kilimpiga kwenye jicho la kulia, akaanguka chali, na pombe ikaruka juu. Wachimbaji walipiga kelele za furaha. Walikimbilia kukinga kwa makopo na viganja, wakanywa, na mmoja wao alikuwa ameshakunywa kopo zima ndipo alipoona kwamba mwanamke aliyelala pale hanyanyuki na kwamba ardhi chini ya kichwa chake ni nyekundu.

Walimrudisha nyumbani juu ya baiskeli ile ile. Mimi ndiye niliyekimbilia maji ya kumwosha kabla sijaambiwa.

Mume wetu aliuliza, "Kipipa hiki kilizibwa na nani?"

"Yeye mwenyewe," nikajibu. "Nilimwambia aweke bua, hakunisikia."

Kutoka chini ya kitambaa nilichomfunika usoni, mke mdogo alisema, "Siyo mimi. Sikuziba mimi." Alirudia mara mbili. Mume wetu alinitazama mimi, akatikisa kichwa kama mtu aliyechoshwa na mtoto mkaidi.

Hospitali walilitoa lile jicho. Alikaa nasi miezi mitatu zaidi, na ile miezi ilikuwa mibaya kuliko siku yenyewe. Mume wetu aliacha kula chakula alichopika mke mdogo, akisema kile kidonda kinamtoa hamu. Watoto wangu walimwita Chongo. Niliwasikia, nikaendelea kupepeta mtama. Siku moja mdogo kabisa alimwendea upande asiouona, akamvuta kanga, akakimbia, naye akageuka na kujikwaa kwenye jiwe la jiko. Nikacheka kwa sauti. Yeye alijifuta majivu magotini, akaniuliza kama mboga ziko tayari kukatwa.

Mwishowe mume wetu alimrudisha kwao. Hakudai ng'ombe aliotoa mahari, na kijiji kizima kikamsifu kwa moyo wake mwema.

Ilipita miaka mingi kabla sijapanda basi kwenda Chato. Sijui nilimtaka nini. Watoto walikuwa wameshakua, nilikuwa nalala vibaya, na niliona kwamba nikilisema jambo lile litanitoka moyoni. Nikaelekezwa ufukweni. Nilimkuta anaanika dagaa kwenye mchanga, kanga imefunika nusu ya kichwa. Alinitambua mara moja.

"Shikamoo dada."

Nilishindwa kuitikia. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama: sukari, kizibo, mchi. Hakuacha kugeuza dagaa.

"Nilijua," alisema nilipomaliza. "Pombe iliponijaa mdomoni ilikuwa tamu. Pombe yetu haikuwa tamu hata siku moja. Nilijua nikiwa bado chini."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Hukunisikia? Ulikuwa umesimama pale."

Nikapiga magoti kwenye mchanga. "Naomba unisamehe, mdogo wangu."

"Hapana."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Kisha akaniuliza, "Umekuja na basi la asubuhi?"

"Ndiyo."

"Linarudi saa nane. Usilikose, hapa huna pa kulala."

Akahamia kwenye fungu jingine la dagaa. Nilibaki nimepiga magoti kwa muda, nikitegemea ataongeza neno, hata tusi. Wanawake wengine walianza kunitazama. Nikanyanyuka, nikakung'uta mchanga, nikaenda kituoni na kukaa ndani ya basi tupu saa mbili nzima kabla halijaondoka.

Nyumbani mume wangu aliniuliza habari za Chato. Nikamwambia samaki ni wengi. Aliishi miaka mingine kadhaa baada ya pale, na mara kwa mara aliwasimulia wageni habari za yule mke wake mzembe aliyejitoboa jicho kwa pombe yake mwenyewe. Nilikuwa nakaa karibu naye, nikimsikiliza. Wakati mwingine alisahau jambo fulani katikati ya hadithi, akanigeukia, nami nikamkumbusha.