Upupu wa Bustanini

Hii ni aibu, sikatai, lakini kwa kuwa Likoni nzima wanaisimulia watu ambao hata hawakuwapo, bora mnisikie mimi niliyewashwa.

Nilitaka kumposa Salma, binti wa Jomvu Kuu, na mamake, Bi Zuhura, akasema hatoi neno mpaka anione nje, kwani sebuleni kila mwanamume ni mpole. Basi tukakutana kwenye ile bustani ya manispaa kule Kisauni (bendera ya Mwingereza ingali langoni siku hizo), mimi na kanzu iliyotiwa wanga ikakaribia kusimama yenyewe, wao na mabuibui yao, tukapita kwenye mawaridi, tukapita kwenye mimea ya miiba ya majangwani, tukapita kwenye mirehani na mikilua inayonukia, na kote huko sikusema lolote ila "naam" na "inshallah".

Tulipofika kwenye mimea itambaayo nikajiambia, leo lazima nifanye jambo, nikaona juu ya ua kichala cha maganda ya rangi ya dhahabu, laini kama mahameli, nikakivuta kwa nguvu nimpe Salma, nacho kikanipukutikia vumbi lake lote shingoni.

"Mama yangu! Upupu huo!" Bi Zuhura akapiga ukelele.

(Upupu nilikuwa nausikia tangu utotoni, lakini nani angedhani serikali inaupanda?)

Mwili ukawaka. Salma akanijia mbio, nikampigia kelele, "Rudi nyuma, usiniguse!" na mamake naye anasema, "Usijikune, mwanangu, unausambaza!" lakini mikono haikusikia la mtu, nikajikuna, nikajisugua kwenye mnazi kama ng'ombe, Wazungu waliokuwa wakinywa chai wakageuza viti vyao, nikavua kanzu, nikajitupa kwenye bwawa la mayungiyungi, ambalo maji yake (wallahi) yalinifika magotini tu, na nilipoinuka kikoi kilibaki huko chini.

"Toka humo! Unaniulia samaki!" mlinzi akafoka.

Bi Zuhura akageuza uso, akatoa kanga aliyojifunga ndani ya buibui, akanirushia.

"Jisitiri, baba. Nilisema nataka kukuona nje, lakini si hivi."

Nikavuka feri na kanga ya maua mekundu, na jamaa mmoja ninayemfahamu akaniamkia, "Shikamoo, Bi Harusi!" nikatazama maji. Nilijifungia ndani, mwili umevimba, nikijua Salma ndiyo basi tena, mpaka Bi Zuhura akaleta mtu kuniambia nipeleke wazee. Baada ya harusi nikamuuliza kwa nini alinikubali.

"Mtu anaungua," akasema, "na bado anamkataza binti yangu asiungue. Hiyo ilinitosha. Mengine nilifumba macho."

Nashukuru, lakini funzo limeniingia hadi kwenye mifupa: siku hizi bustanini natembea katikati ya njia, mikono nyuma, na ua zuri nalisifu kwa mbali.