Jina Jipya la Uwanja

Juzi nilipita uwanjani Newala, nikakuta jina la kampuni ya simu limebanduka getini na la zamani linachungulia chini yake. Nikakumbuka alasiri lilipopakwa, nikiwa mtoto. Harufu ya rangi ilizidi moshi wa korosho, na mashabiki walipiga kelele, "Hatulitaki! Uwanja wetu una jina lake!"

Wiki hiyohiyo kaka yangu alikuwa ametoka jandoni na jina jipya. Nilimwita la zamani mara tatu, akapita bila kugeuka. Mama akanionya, "Hilo haliitwi tena, ni kumtukana."

Basi nikadhani uwanja nao umetoka jandoni, na wale watu wanautukana. Kumbe walikuwa wanaupigania. Uwanja ulikuwa na umati mzima. Kaka alikuwa na mimi tu wa kulipigania jina lake la zamani, nami nikaliacha.