Hondohondo Aliye Uzazini

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za vuli, mwanangu, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, kabla mitumba haijajaa katika soko la Same. Nilikuwa msichana, najifunza kusafisha picha katika studio ya baba mdogo. Akaja mpiga picha kutoka Arusha, anatafuta ndege wa pori la akiba la Mkomazi, akaomba nimbebee mikoba. Baba hakukubali niende porini na mwanamume mgeni, ndipo shangazi yangu Nakiete akajifunga kanga akatufuata. Nilinuna, maana shangazi alikuwa na mdomo.

Mpakani mwa pori tulikuta mti wenye tundu la hondohondo. Unamjua ndege huyo? Jike akitaka kutaga huingia tunduni, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba. Humo ndani hupukutika manyoya ya mabawa, hawezi kuruka, na dume humlisha kupitia ufa ule. Yule bwana alimtaka mama mwenyewe pichani. Filamu zilikuwa adimu, naye alibakiwa na moja tu.

"Wewe una mikono midogo," akaniambia, akinipa kisu. "Bandua udongo kidogo nimwone uso. Picha ikitoka vizuri, nakuchukua Arusha uwe msaidizi wangu."

Arusha! Nilishapanda juu ya jiwe, ncha ya kisu iko kwenye udongo, shangazi aliponishika mkono.

"Huyo yuko uzazini," alisema. "Ulipozaliwa wewe, mimi ndiye niliyekaa mlangoni kwa mama yako. Wageni walileta maziwa, nikayapokea, wenyewe nikawaambia wangoje. Mama yako alikuwa hajiwezi. Leo mwenzake unambomolea nyumba ili atazamwe?"

"Shangazi, ni ndege tu."

"Haya, mwambie na mumewe."

Dume alikuwa tawini, panzi mdomoni, anatuogopa. Tunduni makinda yalilia njaa. Nilishuka. Shangazi alituondoa mpaka mbali, na yule bwana akapiga picha kutoka huko, ndege anaonekana kama punje ya mtama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema avunje kitanda. Alirudi Arusha peke yake. Nililia, mwanangu, na shangazi nikamnunia hadi Krismasi.

Mvua zilipokatika tulipita pale tukitafuta kuni. Tundu lilikuwa wazi. Mama alikuwa nje na mabawa mapya, na makinda mawili kando yake yakigombania panzi. Sikuwa na kamera. Nilisimama nikawatazama kwa furaha ambayo sijaisahau, nikasema, "Ahsante, shangazi."

"Marahaba," akajibu. "Sasa okota kuni."

Mwanangu, simu yako haihesabu filamu, nami sikukatazi kupiga picha. Mimi mwenyewe nimekula jasho la kamera. Lakini si kila kinachoonekana ni halali ya macho yako. Mzazi, mgonjwa, mfiwa, mtu yeyote aliyejifungia na udhaifu wake, mpelekee chakula umwache. Ukikosa picha, umekosa picha tu. Mungu akubariki kwa macho yenye subira, na siku utakapokuwa hujiwezi, akuwekee karibu mtu wa kuwaambia watu wangoje.