Miche 8,051

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, magoti yakiwa tayari yanalia kama mlango wa ghala. Kwa hiyo mtu akinitishia hesabu, huwa namwangalia tu.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa, kule upande wa Kitura, alinitishia siku ya kugawana miche. Kitalu tulikipanga wenyewe: mistari tisini, kila mstari viriba tisini, kila kiriba mche mmoja. Ila kona moja ya chini lilikaa jiwe kubwa kuliko kanisa (haya, kuliko jiko langu), likala nafasi ya miche saba kwa saba. Ikabaki miche 8,051, na wanachama tuko themanini na watatu.

"Themanini na tatu ni namba tasa," mwenyekiti akatangaza. "Yenyewe haigawanyiki, itagawaje kitu? Tutatumia themanini. Kila mmoja mia, hamsini na mmoja inayobaki ni ya viongozi. Watatu waliojiunga mwisho wasubiri mwakani."

Watu wakaitikia kwa vichwa kama wako misani. Watatu hao ni sisi tuliopanda huku milimani kutoka Lundo, kule ziwani, na mashimo ya kahawa nilikwisha kuchimba, mgongo nusura niuache humo.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Kaa chini, mama. Nyie wa ziwani hesabu yenu ni mafungu ya samaki."

"Na kwenye mafungu haturuki mtu. Sikai."

Nikawaonyesha. Ubavuni mwa jiwe kulikuwa na mistari saba mifupi, kila mmoja miche themanini na mitatu. Nikasema tuinyanyue yote saba, tukaipange wima pembeni mwa mistari mirefu themanini na mitatu iliyosalia. Mwenyekiti akacheka. Wenzangu wawili wa Lundo wakainama, wakaanza kubeba. Baadaye wengine wakaona aibu kutazama. Tulibeba viriba mpaka nikahisi nimehamisha milima yote ya Umatengo. Tulipomaliza, kitalu kilikuwa na mistari themanini na mitatu, kila mmoja miche tisini na saba. Hakuna kiriba kilichobaki nje.

Mwenyekiti akahesabu mstari wa kwanza. Akahesabu wa mwisho. Akarukia wa katikati, labda huko tumedanganya. Tisini na saba.

"Hii 8,051 ina vigawo vinne tu," nikamwambia. "Moja, themanini na tatu, tisini na saba, na yenyewe. Themanini yako haimo, hata uibembeleze kwa ugali."

"Lakini themanini na tatu haigawanyiki, mama. Hapo hujanijibu."

"Haigawanyiki, baba. Ndiyo maana kikundini hatoki hata mmoja."

Nikaingia kwenye mstari wangu, nikaanza kupakia viriba kwenye tenga, cha kwanza mpaka cha tisini na saba, nikivihesabu kwa sauti ya kwaya.