Ubao wa Taa Uliodanganya Langoni

Saa nne asubuhi, fundi wa mbao za taa yuko juu ya ngazi, ndani ya lango la hospitali. Kichwa chake kimezama nyuma ya ubao mrefu wa maandishi ya taa yanayotembea, unaotazama barabara. Waya mmoja ameung'ata, mwingine ameushika, na simu ameibana kwa bega.

Lango lenyewe limezibwa kwa mabati tangu alfajiri, kwa sababu nguzo zake zinabomolewa. Wagonjwa wa dharura wanatakiwa kuzunguka hadi mlango wa nyuma, na kazi ya ubao ni kuwaambia hivyo. Msimamizi wa hospitali hakumung'unya maneno alipomkabidhi kazi: "Nisisikie mgonjwa amepotea njia."

Anayepiga simu ni muuza rangi wa ng'ambo ya barabara, mteja wake wa siku nyingi.

"Fundi wangu, niko safarini, nimesahau. Hebu niandikie kwenye ubao wa pale dukani kwamba tumefunga."

"Dakika moja tu, bosi."

Na kweli, haikufika hata dakika. Anaitoa simu begani, anaandika TUMEFUNGA, anabonyeza. Simu inajibu kwamba ujumbe umetumwa. Fundi anarudi kwenye waya wake.

Mtaani wanamwita Polepole. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mama yake mzazi, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni. Kila ubao anaoufunga, fundi humketisha mama upande wa pili wa barabara ausome kwa sauti. Herufi zikimkimbia kabla hajamaliza, mwana hupunguza mwendo. Wateja hulalamika kwamba matangazo yao yanatembea kama yanakwenda kuchota maji.

"Huwa nawaambia: bosi, wewe unalipia kusomwa au unalipia kukimbia?" anasema, kisha anacheka peke yake.

Aliishia darasa la saba. Kwa miaka kumi na mbili alichora mabango kwa brashi, hadi mbao za taa zilipoingia mjini na wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Alikaa nusu mwaka bila kazi ya maana, akila kwa mama kama mtoto. Mwisho akajikaza, akaenda kufagia kwenye duka linalouza mbao hizo, macho yakiwa kazini kuliko ufagio. Leo amefunga zaidi ya arobaini.

Mbao za zamani huandikwa kwa simu iliyo karibu nazo. Mpya zina laini zake za simu, unaweza kuziandika hata ukiwa kitandani kwako. Ila zote hutoka kiwandani na jina moja, neno la siri moja, na fundi mwangalifu hubadilisha vyote viwili siku ya kwanza. Polepole alikuwa akisema atabadilisha kesho. Kesho zake zilikuwa nyingi.

"Fundi! We fundi!"

Ni mama anayeuza maji ya chupa upande wa pili wa barabara. Anavuka mbio, khanga inamdondoka, hajali.

"Mbona mmefunga? Baba mmoja kaja na pikipiki, kapakata mtoto anahema hivi, kifua kinapanda na kushuka! Kasoma hapo juu, kageuza!"

Fundi anateremka ngazi mbiombio, anapenya kwenye upenyo wa mabati, anatoka nje na kuinua macho. Ubao wa hospitali unasema TUMEFUNGA, herufi nyekundu, tena polepole kabisa ili kila mtu asome vizuri. Ng'ambo, duka la rangi bado linakaribisha wateja. Mbao zote mbili ni za aina ya zamani, zina jina moja, na simu imeshika ule ulio karibu zaidi.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Huyu aliponzwa na kidole.

"Wamekwenda wapi?"

"Hospitali ya ng'ambo ya mto. Nimemsikia akimwambia dereva."

Muuguzi wa zamu, aliyevutwa na kelele, anashika kichwa. "Huko ni mbali mno! Kama ni pumu, mtoto hafiki. Mitungi ya hewa tunayo hapa, jamani, ipo!"

Kwenye maegesho hakuna pikipiki hata moja ya kuwafuata. Fundi akisimulia baadaye hafichi. "Nilijua nimeua," anasema. "Sikuwaza kazi, sikuwaza msimamizi. Nilimwona tu mtoto ambaye sijawahi kumwona."

Kisha anakumbuka njia panda. Kwenda mtoni ni lazima upite kituo cha mafuta, mahali foleni haikauki, na juu ya kituo kile upo ubao aliofunga yeye mwenyewe. Ni wa laini.

Hapo ndipo penye mtihani. Polepole ana mwiko mmoja katika kazi yake: ubao wa mtu ni mdomo wa mtu, huweki maneno yako ndani bila ruhusa. Anampigia mwenye kituo. Simu inaita mpaka inakata.

"Dada," anamwambia muuza maji, "simama hapa mbele ya mabati. Yeyote atakayekuja, mwambie kuko wazi, apite nyuma. Piga kelele!"

"Hilo niachie mimi," anajibu mama wa watu, na sauti yake inasikika mpaka wodini.

Fundi anapanda tena ngazi, maana chini mtandao ni wa kubahatisha. Anaandika: BABA ULIYEBEBA MTOTO MGONJWA, HOSPITALI IKO WAZI, TAFADHALI RUDI. Anataka kubonyeza, anasita. Mtu aliye kwenye pikipiki hatasubiri maneno yajikokote. Atapita akiwa ameona "mgonjwa" tu, au "tafadhali".

Anafuta yote. Ubao wa kituo cha mafuta unabeba herufi kumi kwa mara moja. Kwa mara ya kwanza, fundi wa maandishi yanayotembea anataka maandishi yasimame. Anaandika BABA RUDI, nyekundu, yakiwaka na kuzima, kisha HOSPITALI, kisha IKO WAZI.

Anabonyeza. Alama ya kutuma inazunguka, inazunguka, inagoma. Anabonyeza tena.

"Ee Mungu, mara moja tu," anasema kwa sauti.

Safari hii ujumbe umekwenda. Anaurudisha haraka ubao wa hospitali kwenye maandishi yake ya haki, kisha hana la kufanya ila kusimama juu ya ngazi akiitazama barabara. Muuguzi ameshaleta kiti cha magurudumu. Pikipiki ya kwanza inapita, si yao. Ya pili imebeba magunia.

Simu inalia. Ni mwenye kituo cha mafuta, amekasirika kama nyuki. "Nani kauingilia ubao wangu? Wanaume wanageuza magari hapa, kila mmoja anadhani anaitwa na mkewe!"

"Bosi, nitusi baadaye," fundi anamjibu, na anakata, kwa sababu muuza maji anapiga kelele: "Hao! Hao wanarudi!"

Mtoto ni wa kike, midomo imeanza kubadilika rangi. Muuguzi hasubiri maelezo, anampokea na kukimbia naye. Baba anafuata nyuma, kiatu kimoja kimemtoka njiani.

Baadaye, mtoto akiwa amevutishwa dawa na kupewa hewa na kifua kimetulia, baba anatoka nje. Macho ni mekundu.

"Nani aliandika hapa mmefunga?"

Muuza maji anainamisha uso. Ingekuwa rahisi kusingizia mashine.

"Mimi," anasema fundi.

"Na kule kwenye mafuta?"

"Mimi vilevile, kaka."

Baba anatikisa kichwa. "Mimi sikusoma kitu, nilikuwa natazama njia. Binti yangu ndiye aliyeona. Kusema hawezi, akawa ananivuta shati, ananyoosha kidole. Nilidhani anakata roho." Anamsogelea fundi. "Sijui nikupige, sijui nikushike mkono."

"Vyote ni haki yako."

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi chini pale langoni, akalia, na fundi akaketi kando yake.

Msimamizi amemwita Polepole ofisini kesho asubuhi, na hakuna anayejua kama atatoka na kazi. Yeye ameshapanga siku yake hata hivyo. Atabeba ngazi, apite kwenye mbao zake zote, moja baada ya nyingine, na kila moja ataipa jina lake na neno lake la siri, bila kumtoza mtu.

"Wakinifukuza, nitaanza mapema zaidi," anasema. "Yule baba aliniuliza 'nani aliandika' nikaweza kumjibu, kwa sababu mtoto alikuwa hai. Sitaki kuulizwa tena."