Hita ya Wakwe Zangu

Kiangazi changu cha kwanza mjini Sib, bomba la maji moto bafuni kwa wakwe zangu lilitoa maji baridi. Mimi si fundi, lakini niliapa hita ile haitonishinda. Asubuhi nzima nilikaza nyaya, nikajikwaruza vidole, mwisho nikagundua swichi imezimwa. Nikaiwasha.

Alasiri, kifua mbele kama mwenye gereji kule Ghala, mtaa wa mafundi, nikamwambia mama mkwe, "Mama, hita nimeitengeneza."

Akaweka chini kikombe cha kahawa. "Hita ni nzima, mwanangu. Tangi liko juani huko juu ya paa, bomba la baridi lachemka. Kiangazi hita twaizima, maji yapoe humo ndani, ndiyo tunayoogea."

Bafuni, baba mkwe akapiga ukelele, kisha akaniita kwa jina langu na la marehemu baba yangu.