Samaki wa Kulishwa Mara Tatu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anatunza nyumba ya bosi anayesafiri wiki tatu kila mwezi. Mtaani wanamwita Mama Samaki. Sebuleni kwa bosi kuna tangi la kioo lenye samaki ishirini, kila mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, na mikia ya rangi inayopepea kama gauni la bibi harusi. Bosi aliagiza walishwe asubuhi, mchana na jioni, bila kusahau hata mara moja. Basi miaka tisa wifi hajalala kwingine. Bintiye alipojifungua mtoto wa kwanza, huko mbali alikoolewa, bibi aliishia kutumiwa picha.

"Wewe umeolewa na samaki," nilikuwa nikimtania.

"Afadhali hawa hawana mawifi."

Sasa binti ana mimba ya pili, na hospitali wamemlaza kwa sababu ya presha. Kila siku anapiga simu: mama, unakuja? Mimi nina mabinti. Usingizi umeniruka kana kwamba aliyelazwa ni wangu.

Wiki iliyopita chakula cha samaki kiliisha, na muuzaji alikuwa amefunga duka siku nne, ana msiba. Wifi alishinda mbele ya tangi akiwatazama kama wagonjwa. Duka lilipofunguliwa nikamsindikiza.

"Siku nne hawajatia kitu mdomoni," akamwambia muuzaji. "Sijui kama nitawakuta."

Muuzaji akacheka. "Mama, hao wanakaa hata wiki bila kula. Kinachowaua ni kushibishwa."

 Tulipofika nyumbani, wifi alimpigia bosi, akaweka spika, akamweleza alichosema muuzaji.

"Najua," bosi alisema, wala hakushtuka. "Ningekwambia ulinde nyumba, ungetoka kidogo, ungetoka tena. Nilipokwambia samaki, hukutoka."

"Sawa, bosi."

Nilingoja atukane baada ya kukata simu. Hakutukana. Aliketi, mikono mapajani.

"Mpaka jana nilikuwa nimefungwa, wifi. Leo nikibaki, nimebaki kwa kutaka mwenyewe."

Nikamkunjia nguo za kwenda kwa bintiye nikazitia kwenye begi. Getini akasimama. Akauliza kama amefunga dirisha la jikoni, nikamwambia amefunga. Akauliza tena. Nikauona mguu wake unakwenda, unarudi. Nikamwekea kiganja mgongoni, kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza, nikamsukuma.